Kichwa ni Changu, Helmeti ni ya Nani?

Swali: Shikamoo wakili. Nina miaka 34, naishi Shanzu na kazi yangu iko saluni Mtwapa. Kwenda na kurudi ni boda, kila siku ya Mungu. Wiki iliyopita askari wa trafiki alitusimamisha karibu na daraja, akamwandikia dereva kosa, kisha akanigeukia akaniambia na mimi nina langu, sikuvaa helmeti. Nilichemka. Dereva alikuwa na helmeti moja tu na ameivaa yeye. Hata hiyo ya pili ikiwepo, inanuka jasho la watu hamsini, na mimi nywele zangu ndizo bango langu la kazi. Nikiingia saluni zimelala kama nimetoka kitandani, nani atakaa kitini nimsuke? Ninachotaka kujua: kichwa ni changu, nikianguka naumia mimi, simgongi mtu. Serikali yaingilia nini hapo? Na kama ni lazima, kosa ni langu au la dereva? Tena kuna siku nampakia mwanangu wa miaka mitano katikati yetu tukichelewa shule. Hilo nalo mtasema ni kosa?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na askari, maana hilo ni jepesi: alikuwa sawa. Sheria yetu ya Trafiki ilifanyiwa marekebisho mwaka 2012, ikaingizwa kifungu cha 103B, nacho kinamtaka kila anayepanda pikipiki, awe anaendesha au amepakiwa, avae helmeti na jaketi lenye rifleta. Kwenye orodha ya makosa madogo ya barabarani ya mwaka 2016, abiria wa pikipiki asiye na kinga ana faini yake mwenyewe, shilingi 1,000. Mwenye boda naye ana mzigo wake: anatakiwa awe na vifaa viwili viwili, vyake na vya kukupa wewe. Kwa hiyo kosa lenu ni la kila mtu na lake. Dereva kukosa ya pili hakufuti lako. Kisheria ulichobakiwa nacho hapo ni kutopanda.

Najua umecheka. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, stejini pana boda nne, zote zina helmeti moja moja, na yenye mbili ile ya pili imening'inizwa kwenye kioo cha kando kama pambo la harusi. Utangoja ipi? Nitarudi hapo, kwa sababu ndipo lilipo swali lako halisi, hata kama wewe umeliuliza mahali pengine.

Kwanza hili la kichwa ni changu. Naliheshimu kuliko wanavyoliheshimu wenzangu wengi wa mahakamani, ambao husikia mtu akitaja uhuru wake wakadhani anatafuta mlango wa kutokea. Mtu mzima ana haki ya kufanya mambo ya kipumbavu na mwili wake. Ukitaka kulala mapema au kukesha, kula viazi karai usiku wa manane, kuchora tatuu mgongo mzima, hakuna anayepaswa kukuandikia faini. Serikali inayojua kila kinachomfaa mtu hugeuka mama mkwe.

Lakini nimefanya kesi za fidia za ajali kwa miaka kumi na tisa hapa Mombasa, na kuna jambo nililichelewa kuliona. Mteja aliyevunjika mguu huja ofisini mwenyewe, na magongo yake, akilaani ngazi zetu. Aliyeumia kichwa haji. Huletwa.

Mmoja aliletwa na mamake. (Nabadilisha mawili matatu asijulikane.) Kijana wa miaka ishirini na saba, abiria wa boda kama wewe, safari ya dakika sita. Mama aliweka juu ya meza yangu bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwashikwa, akaanza kutoa karatasi moja moja: risiti ya skani, risiti ya skani nyingine, nauli za teksi zilizoandikwa kwenye vipande vya daftari, risiti za duka la dawa, nepi za watu wazima, nepi tena, nepi tena. Kijana alikaa pembeni, ukimtazama ana afya zake. Aliniuliza jina langu. Nikamwambia. Baada ya dakika mbili akaniuliza tena, kwa adabu ileile, na baadaye tena. Mama hakugeuka hata mara moja, alishazoea. Yule mama alikuwa akiuza mahamri na mbaazi alfajiri. Kibanda alikifunga mwezi wa pili baada ya ajali, kwa sababu hakuwa na wa kumwachia mtu mzima anayeweza kuwasha gesi akasahau.

Kijana hakumgonga mtu. Alianguka peke yake, na kichwa kilikuwa chake.

Sheria inasema jambo hilohilo kwa lugha kavu zaidi. Ibara ya 43 ya Katiba yetu ya 2010 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na haikuweka mabano ya kumtoa aliyekataa helmeti. Ukianguka leo pale Shanzu tutakuokota. Sehemu ya bili italipwa na mfuko wa bima ya afya wa umma, ambao muuguzi na mwalimu wanakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kuuchangia, na usiye na ajira rasmi hulipi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mwaka 1972 mwendesha pikipiki mmoja wa Massachusetts, Marekani, alipeleka mbele ya mahakama ya shirikisho hoja kama yako. Majaji walimjibu kwamba tangu dakika anayoumia, jamii ndiyo inayomwokota barabarani na kumfikisha hospitali ya umma, na asipoweza tena kufanya kazi huenda ikamlisha yeye na familia yake. Hawakuona vipi aseme jambo hilo linamhusu yeye tu.

Wamarekani hawakuishia hapo, ni watu wa kubishana. Kufikia 1975 majimbo 47 yalikuwa na sheria ya helmeti kwa kila mpanda pikipiki. Mwaka uliofuata Bunge lao likaondoa kibano cha fedha kilichokuwa kikiyasukuma, na mengi yakaifuta au kuipunguza. Hadi leo Illinois, Iowa na New Hampshire hayamlazimishi mtu mzima. Florida, mwaka 2000, walichagua njia ambayo mimi kama wakili naiona ya ukweli kuliko zote: ukiwa na miaka 21 na zaidi unaweza kuiacha helmeti, mradi uwe na bima ya matibabu ya angalau dola 10,000. Yaani, kichwa ni chako, sawa, tuonyeshe basi pesa za kukitibu. Kwa bei za hospitali za kule, dola 10,000 zinakwisha mgonjwa hajafungua macho, na vifo vya wapanda pikipiki katika jimbo hilo vilipanda baada ya hapo. Lakini angalau waliliweka suala mezani bila kuzunguka. Ukitaka kuchagua, unachagua pamoja na bei yake. Anayesema kichwa ni changu huku bili ni ya mama muuza mahamri amechukua nusu ya uchaguzi tu.

Hata hivyo sitaki kukuuzia hoja ya gharama nzimanzima. Ikiachwa ijiendee yenyewe, kesho itakuja kuchukua viazi karai vyako, kwa sababu presha na sukari nazo hulipiwa na mfuko uleule. Lazima pawe na kipimo, na Katiba imekiweka katika Ibara ya 24: haki ikibanwa, ibanwe kwa sheria, kwa sababu yenye uzito, na itazamwe kama kuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile. Mimi husema kwa lugha ya sokoni: unaniomba kiasi gani, na unanipa nini?

Helmeti inaomba dakika tano za joto. Inatoa nini? Uchunguzi mkubwa uliojumuisha tafiti nyingi, uliochapishwa 2008, ulikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Katika biashara ya kuokoa watu, bei hiyo ni ya kutupa. Lakini kuna mtu ambaye helmeti inamwomba zaidi: Singasinga. Kilemba chake ni dini, akikivua amevunja ahadi. Uingereza ilipoifanya helmeti kuwa lazima mwaka 1973, Masingasinga walipinga, na mwaka 1976 Bunge likawasamehe wanapokuwa wamevaa kilemba. Wapo walioudhika na msamaha huo. Mimi naona pale sheria ilikuwa inafanya kazi yake: ilipima uzito wa mzigo kwenye mabega ya aliyeubeba.

Nywele zako je? Sikucheki, maana ni riziki. Ila nywele hupangwa upya kwa robo saa, na kioo unacho kazini kwako.

Sasa turudi stejini.

Mwaka 2004 ulikuwa bado mtoto, lakini huenda unakumbuka. Matatu za Nissan zilikuwa zikibeba watu kumi na wanane, ishirini, makanga amening'inia mlangoni na mguu mmoja hewani. Ikafika Februari mosi, zikaanza kutekelezwa kanuni za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule: abiria 14, mkanda kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Wenye matatu wakagoma, watu wakatembea kwa miguu, na laana alizopata Michuki siku zile zingetosha mawaziri kumi. Sasa niambie, kabla ya siku hiyo abiria alikuwa huru kuchagua kutobanwa? Angeweza kungoja nyingine, nayo ingekuja imejaa vilevile. Uhuru wake pale stejini haukununua kitu. Ilipokuja amri ya watu wote ndipo mtu mmoja akapata kiti kizima.

Helmeti ni vivyo hivyo. Ukiomba peke yako unaambiwa, "Panda madam, ni hapo tu." Dereva hana sababu ya kubeba ya pili kwa ajili ya mteja mmoja msumbufu kati ya thelathini. Wakiomba wote thelathini, au wote wakijua kuna faini, kesho iko kwenye boda. Kwa hiyo unaposema sheria imekunyang'anya uchaguzi, nakuuliza: uchaguzi gani? Wewe hukuwahi kukaa chini ukapima ukasema, nimeamua kichwa wazi. Ulichelewa, boda ikaja, ukapanda. Ulioamua ni mwendo wa asubuhi. Mimi naiona sheria hii kama mtu aliyekupimia siku moja ukiwa umetulia, usilazimike kupima kila siku ukiwa na haraka.

Hiyo "ni hapo tu" ndiyo iliyojaza kabati langu la mafaili. Watu hudhani kichwa huvunjwa na mwendo wa kasi. Chukua kitu chochote kizito ukiachie kutoka urefu wa mita moja na nusu, ambao ndio urefu wa kichwa chako ukiwa umekaa nyuma ya boda. Kikifika chini kinakuwa na mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Huo ni mwendo wa kuanguka tu, pikipiki ikiwa imesimama kabisa. Lami haibonyei, na fuvu halibonyei vizuri. Ndani ya helmeti mna povu gumu, lile jepesi kama la masanduku ya samaki, la sentimita mbili au tatu. Kazi yake ni kupondeka ili kichwa kisimame pole kidogo. Ndiyo maana helmeti iliyokwisha kugonga haifai tena, hata kama nje inang'aa. Povu likishapondeka halirudi.

Na kuna ujanja mmoja wa majeraha haya ambao madaktari wamenieleza mara nyingi wakitoa ushahidi. Mtu anaanguka, anazimia kidogo, anaamka, anajipangusa vumbi, anasema niko sawa, anadai chenji yake. Anakwenda nyumbani. Ndani, kati ya fuvu na utando wa ubongo, mshipa unavuja taratibu. Baada ya saa chache kichwa kinamuuma, anatapika, anasema amechoka, analala. Wa nyumbani wanamfunika shuka. Ukishuhudia mtu ameanguka na boda akazimia hata kwa nusu dakika, usimwachie aende kulala. Apelekwe.

Nikutoe mbali kidogo. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, yule ofisa wa Kiingereza aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki, alianguka na pikipiki huko Dorset akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli. Kichwa wazi. Akafa baada ya siku sita, ana miaka 46. Mmoja wa madaktari walioitwa, Hugh Cairns, hakuweza kumwokoa, na jambo hilo likamkaa. Alichunguza vifo vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha alichokiona kwa waliovaa helmeti. Jeshi la Uingereza likaanza kuwalazimisha matarishi wake wa pikipiki kuivaa. Amri ya raia wote wa kule ilingoja hadi 1973 niliyoitaja. Sheria hii, dada, ilianzia kando ya kitanda cha mgonjwa.

Pale ulipolalamikia helmeti yenyewe, niko upande wako kabisa. Sheria inayokulazimisha kuvaa kitu kisha isijali kitu hicho kikoje imefanya nusu ya kazi. Vietnam walipoifanya helmeti lazima Desemba 2007, barabara zilibadilika kwa siku moja. Waliovaa wakapita asilimia 90. Kisha soko likajaa vikofia vyepesi vya plastiki, vya kumridhisha polisi tu. Sisi tunavyo pia: gonga kwa kidole, inalia kama ndoo, ndani ina sifongo ya kuoshea vyombo. Na mikanda ya Michuki ilipochakaa ikawa michafu ya kutia shati doa, abiria walijifunza kuuvuta ukapita kifuani bila kuufunga, kizuizi kikipita unaachwa urudi. Sikuwalaumu sana. Sheria ikikosa heshima kwa anayetii, watu hubaki na maigizo yake.

Ningekuwa na mamlaka, ningeanza kumwandikia faini mwenye pikipiki kabla yako. Vijana wengi wa boda si wenye chombo. Kuna mtu nyumbani anapelekewa pesa kila jioni, na mtu huyo hajawahi kusimamishwa na askari. Helmeti mbili zenye alama ya ubora ya KEBS, shirika letu la viwango, ni sehemu ya gharama za biashara yake, kama tairi.

Lakini jambo hili unapaswa kulijua kabla hujajikuta ofisini kwangu. Siku ukiumia kwa kosa la dereva mwingine, mawakili wa bima watauliza ulikuwa umevaa nini. Mwaka 1971 mahakama ya Uingereza ilimpunguzia fidia kwa asilimia 15 mtu aliyegongwa bila kosa lake, kwa kuwa hakuwa na helmeti, na hoja ya namna hiyo mawakili wa bima huitumia mbele ya mahakimu wetu. Unaona jinsi hesabu ilivyo: aliyekugonga anabaki na lawama ya ajali, wewe unapewa kipande cha lawama ya jeraha. Ni mambo mawili tofauti, na wateja wangu huchukua muda kuyakubali.

Cha kufanya kwako, nikikufikiria wewe mwenyewe na nywele zako: nunua yako. Mimi ninayo, inakaa nyuma ya mlango wa ofisi, niliinunua kwa elfu tatu na mia tano, na mwezi wa kwanza makarani wangu walinicheka. Nenda dukani ukiwa umesukwa vile unavyosukwa siku zote, maana iliyokutosha na nywele fupi haitaingia juu ya rasta. Rasta zifungie chini, shingoni, zisirundikane utosini. Vaa ndani kile kikofia cha plastiki mnachowavalisha wateja wakipakwa dawa, au skafu ya hariri. Jasho la nani tena litakupata? Tikisa kichwa: helmeti na kichwa viende pamoja. Na kamba ya kidevuni ifungwe, ipenye vidole viwili tu chini yake. Isiyofungwa huruka kabla yako.

Limebaki la mtoto, na hapo sina mzunguko. Sheria inamruhusu dereva wa pikipiki abiria mmoja, kwa hiyo ninyi wawili nyuma yake ni kosa hata mkivaa helmeti zote za Mtwapa. Atakayeandikiwa hilo ni dereva. Ila hoja yako yote uliyonijengea, ya kichwa ni changu na nimeamua mwenyewe, haina pa kusimama kwake. Ana miaka mitano. Hakuamua chochote, amebanwa kati ya migongo miwili haoni mbele, na helmeti za watu wazima zinamfika mabegani. Siku mkichelewa, chukua tuktuk. Afike shule kengele imeshalia, na mwalimu akigomba, agombe na wewe.